Mbuzi wa Kufungua Mlango

Kwa miaka kadhaa niliijua nyumba ya binti yangu kwa nje tu. Nilijua kwamba upande wa ziwani udongo ulikuwa umebanduka, kwamba mlango ulikwaruza chini wakati wa mvua, na kwamba paa la shitingi, yale maturubai tunayopewa wakimbizi, lilikuwa na kiraka juu ya jiko. Mwizi angekuja kuniuliza habari za nyumba ile, ningemweleza yote isipokuwa kilichomo ndani. Na wala haikuwa mbali. Nikipiga chafya kwangu, binti yangu alijibu "Afya!" akiwa kwake.

Sababu ni mila. Kwetu, milimani juu ya Uvira, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakutani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mama haingii nyumbani kwa mkwe mpaka siku atakapoletewa mbuzi mbele ya wazee. Mbuzi huchinjwa, mkwe humpa mama kipande cha nyama kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo mlango umefunguka. Mama anaweza kuingia, kuketi, kula, na hata kulalamika kwamba chumvi imezidi. Kabla ya hapo, hapana. Mkono mtupu haulambwi.

Kule milimani mila hii haikumsumbua mtu. Mkwe aliishi kilima kingine, na kukutana naye kulihitaji bidii. Nakivale, kambini Uganda, hatukugawiwa vilima. Tuligawiwa viwanja vilivyopimwa kwa kamba, na mtu wa ofisi aliyeshika kamba hakuuliza nani ni mkwe wa nani. Binti yangu alipoolewa na kijana wa mtaa wetu, kiwanja chao kilipakana na changu kwa nyuma, katikati pakiwa na mstari mmoja wa mihogo. Hivyo nikawa mwanamke anayejificha kwenye uwanja wake mwenyewe.

Wengi waliniambia niachane na mambo hayo, kwamba kambi ni kambi na kilima ni kilima. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikiwafunda mabibi harusi wa kanisa letu. Mimi ndiye niliyewaambia wasichana wa watu kwamba mwacha asili ni mtumwa. Huwezi kumwambia mtoto wa mwenzio maneno hayo Jumamosi, halafu Jumatatu ukaonekana unakunywa chai kwa mkwe wako. Isitoshe, tulikuwa tumeacha nyuma ng'ombe, mashamba, makaburi ya wazazi, na kinu kizuri sana cha mama yangu ambacho hadi leo kinaniuma. Mila ilikuwa nyepesi, ikavuka mpaka pamoja nasi. Sikuona kwa nini niitupe Isingiro, wilaya ya kambi yetu, baada ya kuibeba njia yote.

Kilichoninyima raha si chakula, ingawa binti yangu anapika sombe, yale majani ya mihogo ya kutwanga, kunishinda mimi niliyemfundisha. Kilichoninyima raha ni kitambaa.

Kwetu bibi harusi huingia kwake na vitambaa: vya viti, vya meza, na kimoja kikubwa cha ukutani ambacho mama mtu hukidarizi mwenyewe. Cha binti yangu nilikifanyia kazi kiangazi kizima. Nilichora ng'ombe na ndama wake, kwa kuwa baba yangu alikuwa mfugaji na nilitaka mtoto aende na kitu cha babu yake. Macho yangu wakati huo yalikuwa yameshaanza kunikimbia, nami sikujua, niliilaumu sindano. Ndama alitoka vizuri. Ng'ombe alitoka mfupi wa miguu, mrefu wa masikio, na pembe zimelala. Mama mmoja wa kanisani alimtazama kwa muda, akasema kwamba ni kazi safi kabisa, kisha akauliza ni mnyama gani.

Binti yangu alikipokea kwa mikono miwili, akakikunja, akakiweka chini kabisa ya sanduku. Juu yake akapanga mashuka. Tangu siku ile nilitaka kujua jambo moja tu: je, alikitundika, au kiko bado chini ya mashuka? Kuuliza haiwezekani. Ukiuliza, atakitundika. Kitu kama hicho lazima ukione mwenyewe, bila mwenye nyumba kujua kwamba unaangalia, na kwa hilo lazima uingie. Kwa hiyo nilimsubiri mbuzi.

Mkwe wangu ni mtu wa adabu, lazima niseme. Mkulima mzuri, mpole, asiye na maneno mengi, na hata angekuwa nayo mimi nisingeyasikia. Mbuzi wa kwanza alimnunua mapema. Mbuzi akaokota kavera, ile mifuko ya plastiki inayopeperuka sokoni, akaila, akavimba, akafa siku chache kabla wazee hawajakutana. Nililia. Majirani walidhani nilikuwa nampenda yule mbuzi.

Nisieleweke vibaya, nilikuwa na raha zangu. Nilikuwa nimeingia umri ambao mwanamke hatazamwi tena barabarani, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hiyo ni likizo. Nilifunga kitenge kiunoni namna nilivyotaka. Nilikataa vitu bila kueleza sababu. Mchana, kazi za shamba zikiisha, nilikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba na kikombe cha chai ya tangawizi, upepo wa ziwa ukipita, na ng'ombe wenye pembe ndefu wa Wanyankole, wenyeji wetu, wakishuka kunywa maji, wale wenye pembe kama pembe zinavyotakiwa kuwa. Nilipokuwa msichana nilidhani furaha ni kitu kinachokuja na ngoma na watu wengi. Kumbe mara nyingi inakuja yenyewe, mchana, ikakukuta umevua viatu. Nilikuwa na maharage ya kupukuchua, nilikuwa na kwaya ya akina mama ambamo kazi yangu ilikuwa kuwakumbusha wenye sauti za juu kwamba Mungu si kiziwi, na nilikuwa na mume mwenye redio. Ilinitosha, isipokuwa kile kitambaa.

Maisha ya kukwepana yana utaratibu wake, na sisi tuliuzoea. Mkwe wangu alikohoa kabla ya kutoka nje. Mimi nikakohoa kumjulisha kwamba nimesikia. Wageni walituombea tupone. Kwenye bomba, aliyeona dumu la mwenzake kwenye foleni aliacha lake pale akaenda zake mpaka zamu ipite. Madumu yetu yalisimama pamoja miaka ile yote, nadhani yalifahamiana kuliko sisi. Na kama palikuwa na jambo la lazima, alimwambia kuku. Palikuwa na kuku mmoja wangu mwekundu aliyependa kuchakura kwenye ule mstari wa mihogo.

"Weye kuku," mkwe wangu alisema, amegeuka upande mwingine, "uambie mama mvula iko nakuya. Aingize mihogo yake mu nyumba."

"Kuku," mimi nikajibu, nimegeuka upande wangu, "uambie baba nimesikia. Aksanti."

Yule kuku aliishi muda mrefu sana. Hakuna aliyethubutu kumla.

Baba mkwe habanwi kama mama. Mume wangu aliingia kwa binti yetu kila Jumapili baada ya ibada, akala, akarudi na kijiti mdomoni akinuka samaki. Mimi nilikuwa nikimsubiri kwenye kigoda.

"Nyumba iko namna gani?" nilimuuliza.

"Iko muzuri."

"Ndani kuko nini?"

Alifikiri. Sitaki kumsingizia, alifikiri kweli. "Kuko ukuta," akasema.

"Na nini ingine?"

"Kuko kiti. Nilikiikalia."

Mwanaume huyu haoni vitambaa. Vile vya viti vyetu wenyewe nimevibadilisha mara nyingi, yeye anavifutia mikono. Kumuuliza moja kwa moja kuhusu ng'ombe wangu nisingeweza, kwa sababu angeenda kumwambia binti yangu, tena akiwa mezani, tena kwa sauti. Basi kila Jumapili nikabaki na ukuta.

Jumapili zenyewe zilikuwa na hatari yake. Kanisani kwetu, ibada ikiisha, wa kwanza kutoka husimama nje mlangoni, anayefuata humpa mkono na kusimama kando yake, wa tatu huwapa mkono wote wawili, na hivyo hivyo mpaka waumini wote wamekuwa mstari mmoja mrefu na kila mtu amempa kila mtu mkono. Ni desturi nzuri, huwezi kumnunia mtu wiki mbili. Lakini aliyeianzisha hakuwa na mkwe. Dawa yangu ilikuwa kubaki ndani nikitafuta Biblia yangu mpaka mkwe wangu awe amepita, ashike mkono wa mwisho, aende nyumbani. Watu waliniona mama anayepoteza Biblia kila wiki.

Siku moja nilikosea hesabu. Nilitoka nikidhani ameshaondoka, nikaanza kupeana mikono, haki kabisa, huyu, huyu, huyu, na mkono uliofuata ulikuwa wa mkwe wangu, ambaye alikuwa amerudi kuchukua kofia yake. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshanyooka. Kuurudisha ni kumtukana mbele ya kanisa zima. Kuutoa ni kuvunja mila mbele ya kanisa hilo hilo. Nikatoa kitabu cha nyimbo. Akakishika upande wake, mimi nimeshika wangu, tukakitikisa juu na chini kama inavyopasa, kila mmoja akitazama mbali. Mama aliyekuwa nyuma yangu, naye akidhani ni utaratibu mpya, akatoa chake. Kwa wiki kadhaa kuna watu walisalimiana kwa vitabu.

Mbuzi wa pili alikuwa mnene na mzima, na siku ilikuwa imeshapangwa, ndipo uchungu wa kwanza wa binti yangu ukaja vibaya. Tulipelekwa Mbarara kwa gari. Hospitalini walisema mtoto atatolewa kwa kupasuliwa. Niliogopa. Nilikaa kwenye mkeka wangu chini ya dirisha nikamwambia Mungu kwamba vitambaa na mbuzi vyote abaki navyo, nipewe mtoto wangu tu. Nilimaanisha. Alinipa wote wawili, binti na mjukuu wa kike mwenye masikio ya mama yangu.

Mkwe wangu alifika siku ile ile, akiwa ameuza mbuzi wetu kwa sababu ya safari na dawa. Wodi ilikuwa na mlango mmoja, na mimi nilikuwa ndani. Kwa hiyo alisimama nje nyuma ya nguzo. Nikielekea mlangoni alizunguka nguzo. Nikirudi, akazunguka tena. Nesi mmoja, mama wa Mbarara mwenye sauti kubwa, alitutazama tukifanya hivyo asubuhi nzima.

"Nyabo," aliniambia mwishoni, yaani mama kwa lugha yao, "ule mwanaume nakimbia wewe kwa nini? Wewe nachapa yeye?"

Nilimweleza kwamba ni heshima. Alimtazama mkwe wangu, ambaye wakati huo alionekana kiwiko tu.

"Heshima nyingi," akasema, akaenda kumvuta kwa mkono ili aje amwone mtoto wake, nami nikajifunika kitenge uso mzima mpaka alipomaliza. Nilimsikia akilia kwa furaha. Chini ya kitenge mimi pia nililia, na hilo mila haisemi chochote juu yake.

Safari hiyo ndiyo iliyonipatia miwani. Nilikuwa nimetoka kununua sabuni, na pembeni mwa barabara palikuwa na kijana aliyetundika miwani kwenye ubao. Alinivisha moja, akaniuliza nasoma nini kwenye karatasi ya sabuni. Nilisoma yote, hata yale maneno madogo ambayo watengenezaji hawakutaka yasomwe. Kisha akanipa kioo. Nilikuwa sijajiona vizuri kwa muda. Nilikuwa na mvi upande wa kushoto na mikunjo ambayo sikumbuki kuiagiza, na nilifanana kabisa na mama yangu alipokuwa akitaka kumkemea mtu. Nilifurahi. Nilikuwa nimemkumbuka sana.

Ila miwani ina ubaya wake. Nilipofika nyumbani niliangalia vitambaa vya viti vyangu, vile nilivyodarizi kiangazi kile kile. Palikuwa na jogoo mwenye miguu mitatu. Nikamkumbuka yule mama wa kanisani na swali lake, nikamwelewa. Nikajiambia: hakukitundika. Nani angekitundika? Mimi mwenyewe nisingekitundika. Hata hivyo nilizidi kutaka kuona, kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu.

Mjukuu wangu alikuwa akivuka mihogo apendavyo, kwa kuwa mila haimfungi mtoto. Alipoanza kusema nikaona nimepata mtu wa kumuuliza, maana mtoto mdogo haelewi kwamba anaulizwa.

"Ndani mwenu kuko nini?" nilimuuliza, nikimmenyea ndizi.

"Kuko mbwa."

Niliacha kumenya. "Mbwa? Analalaka mu nyumba?"

"Ee. Hatokake inje."

"Anaumaka?"

"Apana," akasema, mdomo umejaa. "Anaangaliaka tu."

Nilikasirika. Kwetu mbwa halali ndani, na mtoto hakai na mbwa anayemkodolea macho. Nilimuuliza mume wangu kuhusu mbwa huyo, akasema hajamwona, lakini mtu asiyeona kitambaa anaweza kukosa mbwa pia. Nilimtuma kuku. "Kuku, uambie baba mbwa apana ya kulala na mutoto." Upande wa pili wa mihogo jembe likasimama, kisha mkwe wangu akajibu kwa upole kwamba amesikia. Nikaona ananyenyekea tu ili yaishe.

Kisha kesi yao ikapita. Mtu aliyeishi Nakivale anajua maana yake: miaka unaitwa kuhojiwa, unapimwa kifua, unasahau, halafu siku moja unaambiwa utaishi Amerika. Sisi wazee tulikuwa na kesi yetu peke yetu, nayo ilikuwa imelala. Binti yangu alikuja kunieleza kwenye kigoda changu. Nilimwambia ni baraka, na ilikuwa baraka, na nilihisi kama mtu aliyepigwa teke na ng'ombe. Tulishikana mikono mpaka chai ikapoa.

"Mama," akasema, "uingie tu mu nyumba. Leo. Nani ataona?"

"Miye nitaona," nikamwambia.

"Sasa kama tukienda mbele ya mbuzi?"

"Hamutaenda mbele ya mbuzi. Mbuzi itatangulia."

Mbuzi wa tatu alikuwepo, wa kahawia, pembe moja imevunjika, na safari hii mkwe wangu alimfunga mbali na soko, mbali na kavera, karibu na dirisha lake. Wazee walikubaliana: Jumamosi, au siku ya posho kama tunavyoiita sisi. Watu wa ofisi walikuwa wamesema safari ni wiki inayofuata. Binti yangu aliniahidi sombe, samaki na bugali. Nilifua kitenge changu cha kwaya. Nilifuta miwani, nikaiweka juu ya Biblia ili nisiisahau. Niliona jirani mmoja akipita na mashuka ya binti yangu, wameshaanza kugawa vitu, kwa sababu mzigo wanaoruhusiwa ni mdogo. Nikafikiri: kama mashuka yametoka, sasa sanduku limefika chini. Nikafikiri pia kwamba huenda Jumamosi nitakiona kitambaa changu kwenye meza ya jirani, chini ya sufuria. Nilijiandaa kutosema kitu.

Alhamisi asubuhi pikipiki ya ofisi ilipita mtaani ikiwa na kipaza sauti. Wasafiri wote wa wiki ijayo wanasafiri leo. Basi liko tayari, watoke na mizigo yao.

Nilikuwa nimeshika jembe. Nilisikia kwa binti yangu vitu vikianguka, mtoto akilia, watu wakikimbia, na nikasimama pale pale nyuma ya nyumba nisijue pa kwenda, kwa sababu pahali pekee nilipotaka kwenda palikuwa na mlango. Hasira iliyonipata sikuwahi kuwa nayo hata siku tulipokimbia kwetu. Siku ile angalau tulifukuzwa na adui.

Ndipo mihogo ikatikisika. Mkwe wangu alikuwa anavuka mstari, jambo ambalo hakuwahi kufanya, amevaa koti la safari na mkononi ana kamba ya mbuzi. Hakukohoa. Alifika karibu, akanigeuzia mgongo kama inavyotakiwa, akamwambia mbuzi.

"Weye mbuzi, uambie mama bazee habakufika. Uambie yeye nilitaka siku ya posho, na nyama, na bantu. Uambie yeye anisamehe."

Mila ilinitaka nimjibu mbuzi, na majibu ya mbuzi nilikuwa nayo, nimezoea. Nilifungua mdomo, lakini sikuweza kumwambia mbuzi neno lolote.

"Baba," nikamwambia yeye.

Hakugeuka. Alinyoosha kamba nyuma yake bila kutazama. Niliishika, na kwa kuwa naye alikuwa hajaiachia, tukawa tumeishika sote wawili.

"Uangalie mutoto yangu," nikamwambia.

"Nitamuangalia, mama."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote, miaka yote. Akaachia kamba. Mume wangu, ambaye alikuwa amesimama kwenye kona na redio yake imezimwa, ndiye pekee wa umri wa mzee aliyekuwepo. Alikohoa.

"Mbuzi ilifika," akasema. "Nimeona. Mulango uko wazi."

Lakini basi lilikuwa linapiga honi.

Nilitembea na binti yangu mpaka pale basi liliposimama. Mume wangu alimbeba mjukuu begani. Binti yangu alikuwa na begi moja, na hakulitoa mkononi hata nilipotaka kumsaidia. Mlangoni mwa basi alinikumbatia akaniambia sikioni, "Mama, niliamuka mapema kupika. Sombe iko mu sufuria. Mulango nilifunga na waya tu. Uingie ukule." Nililia pale mbele za watu, kwa sauti, na sikuona haya. Mjukuu wangu alinipungia mkono dirishani, kwa furaha, kama mtu anayekwenda sokoni na kurudi. Basi lilipopinda kwenye njia ya Mbarara na vumbi kutua, niligundua kwamba bado nilikuwa nimemshika mbuzi.

Nilirudi naye. Nilipita nyumbani kuchukua miwani. Nilimfunga kwenye nguzo ya mlango wa binti yangu, nikafungua waya, nikavua viatu, nikaingia.

Palikuwa na vyumba viwili. Kitanda kilikuwa kimeshagawiwa. Sakafu ilikuwa na vishimo vinne vya miguu yake. Palikuwa na kigoda, na juu ya mafiga sufuria iliyofunikwa kwa sahani, na kijiko juu ya sahani. Na palikuwa na ukuta. Kuta zote zilikuwa nyeusi kwa moshi wa kibatari, ila ule unaotazama mlango. Katikati yake palikuwa na sehemu safi, nyekundu ya udongo, yenye pembe nne na kwenye kila pembe tundu la msumari. Nilivaa miwani. Sikuhitaji kupima, kipimo chake nilikipima kwa mkono wangu kiangazi kizima. Chini yake, kwa kimo cha mtoto, palikuwa na mchoro wa mkaa: mnyama mfupi wa miguu, mrefu wa masikio, anayeangalia tu. Hapo ndipo nilipomtambua yule mbwa asiyetoka nje. Mashuka alikuwa amewapa majirani. Ng'ombe wangu alikuwa ndani ya begi, anakwenda Amerika.

Nilikaa kwenye kigoda, nikafunua sufuria. Bado ilikuwa na joto. Nilikuwa nimeanza kula wakati mume wangu alipoingia, akainamisha kichwa mlangoni kama mtu aliyezoea, akaangalia huku na huku.

"Si nilikuambia?" akasema taratibu. "Kuko ukuta."

Nilimsogezea sahani, akachuchumaa, tukala wote. Nje mbuzi alikuwa amesimama kamba ilipomfikisha, kichwa ndani ya mlango, akitutazama.

"Weye mbuzi," nikamwambia, "uambie mutoto yangu chumvi imezidi."